Programu Iliyomleta Olive

Jumatatu asubuhi Akoru alipangusa vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya kupakia rangi, akawasha feni, kisha akafungua faili la mahojiano. Yalikuwa mahojiano arobaini na matatu. Yeye na Guy, mkalimani Mkongomani anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, walikuwa wameyarekodi kwa wiki saba kambini na nje ya kambi, watu wakieleza walivyotibiwa kwenye zahanati ya shirika lililomwajiri Akoru. Baadaye Akoru alirudi Lodwar, akaketi ofisini miezi mitatu akiyaandika neno kwa neno. Kilichobaki ni kuyachambua, na kabla ya kuyachambua ilibidi shirika lichague programu ya kompyuta ya kufanyia kazi hiyo.

Nathan, mkuu wa utafiti, alitaka zijaribiwe programu tatu, kila moja wiki yake. Alichora jedwali ubaoni, lenye safu za urahisi, kasi, usalama wa data na mwonekano wa ripoti.

"Tuanze na hii ya bure," alimwambia Akoru. "Tuitoe njiani mapema."

Programu ya bure ilikuwa imetengenezwa na walimu wa chuo fulani cha mbali. Haikuwa na mapambo. Ilikuwa na sharti moja tu, kwamba mahojiano yaingie mazima na yabaki mazima. Saa tatu na dakika kumi Akoru aliingiza yote arobaini na matatu. Saa tatu na robo Lotiir, askari wa getini, aliingia na kitabu cha wageni kwapani.

"Madam, watu ya Kakuma wamejaa kwa veranda. Wataandika jina ama niache tu?"

"Wamekuja na gari gani?"

"Gari hakuna. Niliangalia barabara, hakuna mtu. Nikageuka kwa benchi, wako kwa benchi."

Akoru alitoka kuwaona. Walikuwa wameketi kwenye benchi mbili, kwenye ngazi, na kwenye kivuli cha tangi la maji, miguu yao ikiwa na vumbi jeupe la Kakuma. Gatdet alikuwa ameegemeza mkongojo ukutani. Nangiro, mama wa Kiturkana aliyeishi ng'ambo ya lagga, ule mto mkavu, alikuwa akipepea nzi kwa ncha ya shuka. Kila mmoja alikuwa akisema yale aliyoyasema kwenye mahojiano, tangu mwanzo, bila kuulizwa. Lotiir aliwaandika wote. Kwenye safu ya usafiri aliandika "miguu". Zamani aliwahi kufanya kazi kwenye kizuizi cha barabara, kwa hiyo aliwadai wakimbizi vibali vya kutoka kambini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nacho, aliandika "hana" mara thelathini na moja.

Mwishoni mwa benchi ya pili alikuwa Monique, mwanamke wa Lubumbashi, na mapajani mwake kulikuwa na mtoto.

Akoru alimjua Monique. Mahojiano yake yalikuwa ya kumi na saba, na yalichukua saa mbili. Alikuwa ameeleza jinsi uchungu ulivyomshika baada ya chakula cha mchana, akatembea hadi zahanati, akafika langoni saa kumi na dakika tano. Zahanati ilifungwa saa kumi kamili, kwa kuwa wafanyakazi walitakiwa wawe wamerudi kwenye makao yao kabla ya jua kuzama. Mlinzi alimwambia aje kesho. Muuguzi alikuwa bado ndani akihesabu vidonge, na Monique alimwona kupitia wavu wa dirisha, naye muuguzi alimwona Monique. Mtoto alizaliwa kwenye kokoto, nje ya lango, kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni. Aliishi dakika kumi na moja. Ndani ya dakika hizo mama yake alimpa jina.

"Huyu ni nani?" Akoru aliuliza.

"Njo Olive," Monique alisema. "Nilimutaja jina. Wewe uliandika."

Ilikuwa kweli. Akoru alikuwa ameliandika mara kumi na moja.

"Ako na mwaka moja na miezi mbili sasa," Monique aliendelea, akimfuta mtoto udenda. "Ona, meno ine."

Wiki ile Akoru hakuifunga programu; waliwasili kila asubuhi alipowasha skrini, na jioni alipoizima walijikuta nyumbani kwao, Olive naye begani kwa mama yake. Kakuma majirani walizoea kuwaangalizia sufuria zao. Akoru hakuwahi kufanya uchambuzi rahisi kama ule. Mahali ambapo maandishi hayakueleweka alitoka nje akauliza. Watu wawili waliopingana alikaa nao mpaka wakakubaliana tarehe. Jumatano Olive alitembea hatua saba kutoka kwenye benchi hadi kwenye buti za Lotiir, na Lotiir akampa nusu ya mandazi yake. Mtoto aliila yote. Alhamisi Akoru alikuwa na ukurasa mmoja tu mkononi, na ulitosha. Kati ya watu arobaini na watatu, ishirini na sita walikuwa wamefika langoni baada ya saa kumi wakarudishwa, na wanne walikuwa wamepoteza mtu pale pale. Alikuwa na majina, siku na saa.

Nathan aliusoma akiwa amesimama.

"Akoru, huu si uchambuzi. Huu ni mkutano. Watu wamemaliza maji ya tangi, siwezi hata kupiga simu kwa hizo kelele."

"Ni wale tuliowahoji."

"Na huyo mtoto?"

"Olive. Wa mahojiano ya kumi na saba."

Nathan alimtazama Olive, aliyekuwa akijaribu kuvua kandambili ya mama yake.

"Huyo hakuwekewa sahihi kwenye fomu ya ridhaa," alisema, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Ijumaa alasiri wiki ya programu ya bure ilikwisha. Monique alimwona Akoru akirudi mezani, akasimama dirishani na mtoto amelala begani.

"Dada, usifunge."

"Ni majaribio tu. Nitaipa alama zote."

"Ukifunga, mi nitaenda ku nyumba. Ye ataenda wapi?"

Akoru alishika kipanya. Kompyuta ilimuuliza kama angependa kuhifadhi mabadiliko. Alibonyeza ndiyo, kisha akafunga. Veranda ikawa tupu, na Lotiir akajaza saa ya kutoka. Kesho yake asubuhi simu iliita kutoka Kakuma.

"Nilifika na mikono bule," Monique alisema. "Mufungue tena ile mashini, dada."

Lakini zamu ilikuwa ya programu ya pili, yenye leseni. Hii ilidai kila mahojiano yakatwe vipande, na kila kipande kipakwe rangi na kutiwa kwenye kapu la mada. Akoru alikata siku tatu. Kwenye kapu la "Muda wa kusubiri" zilikuja nyayo peke yake, jozi arobaini na tatu, zikajipanga kwenye ngazi. Kwenye "Lugha ya wahudumu" yalikuja masikio. Kwenye "Vifo" ilikuja mikono ya Monique, ikakaa juu ya benchi, imekunjwa kama ya mtu aliyepakata kitu, na haikupakata kitu. Lotiir alipiga simu ndani kuuliza kama nyayo huandikwa kitabuni. Nathan alifurahia utulivu, lakini alipoambiwa kwamba ukataji utachukua wiki tano zaidi, alitikisa kichwa. Ripoti ilikuwa ikingojwa na wafadhili, na mkataba wa kuendesha zahanati ulikuwa unaamuliwa mwezi huo huo.

Programu ya tatu ilikuwa ya akili bandia. Haikuhitaji mtu kusoma. Akoru alibonyeza mara moja, akaenda kuchukua chai, na aliporudi kulikuwa na mwanamke mmoja kwenye benchi.

Alikuwa wa makamo, si mrefu wala mfupi, amevaa gauni la samawati iliyopauka. Miguu yake haikuwa na vumbi. Aliongea Kiswahili kisicho na lafudhi ya mahali popote, na alipoombwa jina ili aandikwe kitabuni, alisema anaitwa Mhojiwa.

"Kwa ujumla tunashukuru kwa huduma," alisema kabla hajaulizwa. "Hata hivyo, zipo changamoto chache."

Akoru aliweka kikombe chini. "Changamoto gani?"

"Baadhi ya wahojiwa wangependa saa za huduma ziangaliwe."

"Baadhi ni wangapi?"

"Baadhi."

"Olive yuko wapi?"

Mhojiwa alifikiri. Uso wake ulikuwa wa huruma, na huruma yake haikuongezeka wala kupungua. "Wachache walieleza matukio ya huzuni," alisema.

"Wewe ulizalia wapi?"

"Huduma za uzazi zinapatikana."

Akoru aliinuka akaenda nyuma ya ofisi, kwenye kivuli cha tangi, akauma kitambaa cha mkono wa blauzi yake mpaka uzi ukakatika. Aliporudi, Nathan alikuwa ameshika mkono wa Mhojiwa kwa mikono yake miwili.

"Huyu sasa anaeleweka," alikuwa akisema.

Kikao cha kuchagua kilifanyika Jumatatu iliyofuata. Walikuwa watu sita mezani, na wakubwa wawili wa Nairobi kwenye skrini. Mhojiwa aliletewa kiti. Programu ya bure ilipata alama kumi na moja kati ya arobaini, na kumi kati ya hizo zilitoka kwa Akoru, kwenye safu moja aliyoruhusiwa kujaza. Ya leseni ilipata ishirini na mbili. Ya tatu ilipata thelathini na nane.

"Jedwali halina safu ya kuuliza ni ipi inasema kweli," Akoru alisema.

"Akoru."

"Watu ishirini na sita, Nathan. Lango lenyewe ni letu. Funguo ni zetu."

"Tukiandika ishirini na sita, wafadhili watauliza ni kina nani."

"Majina ninayo."

"Sasa hiyo ndiyo shida," Nathan alisema, bila ukali. Alikuwa amechoka, na alikuwa na watoto watatu shuleni Eldoret. "Saa kumi ni utaratibu wa usalama. Mimi sikuuweka, wewe huwezi kuuondoa. Tuendelee."

Wakaendelea. Ikapitishwa pia kwamba, kwa kulinda data za watu, mahojiano yaondolewe kwenye programu zilizoshindwa, na faili na rekodi zake zifutwe. Mtaalamu wa kompyuta angefanya hivyo kutoka Nairobi, Jumanne saa nne asubuhi.

Jumanne saa tatu Akoru alifungua programu ya bure. Hakuomba ruhusa. Benchi zilijaa. Monique alikuja na Olive, na Olive alikuwa ameota jino la tano na kujifunza kusema "maji". Lotiir alimtafutia kikombe cha plastiki. Akoru alitoka akawaambia wote kitakachotokea, kwa Kiswahili, na Nangiro akawarudia Waturkana wenzake kwa Kiturkana. Gatdet aliuliza kama ile karatasi ya majina ilipelekwa. Akoru alisema haikupelekwa.

"Guy alituapia itafika," Gatdet alisema. "Alisema, semeni yote, itafika."

"Nami niliapa," Akoru alisema.

Saa nne kamili mshale kwenye skrini ulianza kutembea wenyewe. Ulikwenda kwenye mahojiano ya kwanza, ukayafuta, na mzee aliyeketi mwanzo wa benchi hakuwepo tena. Ukashuka kwenye ya pili. Akoru alishika kipanya akavuta mshale pembeni. Mtu wa Nairobi akaurudisha. Akavuta tena. Simu ya mezani ikaita, na sauti ya kijana mwenye adabu ikamwambia kwamba kuna hitilafu kwenye kipanya chake, tafadhali asikiguse. Alizima intaneti. Nathan akatoka ofisini kwake, akaiwasha, akasimama kando ya kisanduku cha intaneti mikono nyuma.

"Usinifanye niite askari," alisema.

"Askari ameshika kikombe cha mtoto," Akoru alimjibu.

Monique alikuwa amesogea dirishani. "Mi niko namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Na sasa iko wapi?"

"Tisa."

Monique alirudi kwenye benchi. Alimvua Olive kofia ya sufu, kwa kuwa joto lilikuwa limepanda, akamsugua kichwa kwa kiganja. Alimwonyesha tangi. Alimwonyesha mbuzi barabarani. Alimwambia jina la bibi yake na jina la mto wa kwao. Alisema upesi lakini hakuruka kitu, kama mtu anayefunga mzigo gari likiwa limewasha injini. Olive alikunywa. Gatdet, aliyekuwa wa kumi na nne, alitoweka na mkongojo wake. Wa kumi na tano, wa kumi na sita. Olive alisema "maji", ingawa kikombe kilikuwa bado mdomoni.

Kikombe kilianguka kwenye sakafu ya veranda na kumwagika.

Lotiir alikiokota. Aliangalia saa yake, akaandika saa ya kutoka kwenye mistari miwili, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, kisha akaenda kusimama getini. Ndani, mshale uliendelea mpaka arobaini na tatu. Akoru alikaa akiutazama. Aliikalia mikono yake.

Uzinduzi wa ripoti ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Lodwar. Kulikuwa na soda, na samaki wa ziwani kutoka Kalokol. Mhojiwa alisoma muhtasari kwa sauti yake ya upole. Alisema jamii inashukuru, alisema zipo changamoto chache, alisema baadhi. Mgeni mmoja alifuta machozi. Akoru alinyoosha mkono kutoka safu ya nyuma.

"Lango linafungwa saa ngapi?"

"Saa za huduma zinaendelea kuboreshwa," Mhojiwa alijibu.

"Leo. Leo hii linafungwa saa ngapi?"

"Tunashukuru kwa swali," Mhojiwa alisema, na ukumbi ukapiga makofi.

Mkataba wa zahanati ulirefushwa miaka mitatu. Mhojiwa alipewa kadi ya kazi yenye picha na meza karibu na dirisha, na baada ya wiki chache wafanyakazi walikuwa wakimtuma awanunulie vocha za simu. Mkataba wa Akoru haukurefushwa. Barua ilimtakia kila la heri.

Alipanda gari la Kakuma akiwa na ile karatasi ya majina ndani ya daftari, maana ndiyo peke yake ambayo mshale haukuifikia. Guy alimpokea stendi. Hakumlaumu, na hakumkaribisha chai. Alimchukua kwa pikipiki mpaka kwa Monique, akazima injini, akabaki ameketi juu yake.

Monique alikuwa akikuna mihogo. Akoru alimweleza yote, kuanzia jedwali mpaka makofi. Hakujipunguzia.

"Ule mwanamke," Monique aliuliza, "alisemaka juu ya mutoto wangu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alisema wachache walieleza matukio ya huzuni."

Monique aliendelea kukuna. Muhogo ulipokwisha aliendelea kidogo, kikwaruzo kikamla kidole, damu ikatoka. Akaitazama.

"Na wewe ukaachia," alisema.

"Nikaachia."

Kabla hajasema lingine, kelele zilisikika kichochoroni. Wanawake wawili walikuwa wamemshika wa tatu makwapa, mwanamke kijana aliyeitwa Josiane, jirani wa mstari wa pili, tumbo limeshuka na nguo imelowa. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Monique aliosha mikono. Akachukua mkeka uliokuwa umekunjwa nyuma ya mlango, mfuko wenye wembe mpya, uzi na glavu, na dumu la maji. "Kamata hii," alimwambia Akoru, akimpa dumu. Wakatembea hadi zahanati, kwa sababu bado kulikuwa na uwezekano wa mtu kufungua, na kila mara walikwenda kuuliza.

Mlinzi alisema waje kesho. Aliyasema bila ubaya, akiangalia mahali pengine. Monique hakubishana naye. Alitandaza mkeka mbele ya lango, kwenye kokoto, wanawake wakavua vitenge wakavishika kuwa ukuta. Akoru aliketi akampakata Josiane kichwa. Josiane alimshika kifundo cha mkono akakikaza mpaka vidole vya Akoru vikafa ganzi.

Kichwa cha mtoto kilipotokea, Monique alipitisha kidole shingoni mwake, akakuta kitovu, akakivusha juu ya kichwa taratibu, kama mtu anayevua shanga. Alikuwa amejifunza. Mtoto alitoka akiwa kimya, kisha akalia.

Wakati huo gari la shirika lilikuja kutoka barabara kuu na kupiga honi. Ndani kulikuwa na wageni wawili wenye kofia za jua, na Mhojiwa kwenye kiti cha nyuma. Walikuja kupiga picha za zahanati. Dereva alipiga honi mara ya pili. Wanawake wakashika pembe za mkeka, wakauvuta pembeni na Josiane juu yake, mtoto bado hajakatwa kitovu.

Mhojiwa alishusha kioo. "Tunashukuru," alisema.

Mlinzi alifungua lango, gari likaingia, akalifunga. Monique akaomba wembe.